Chupa Iliyoandikwa Pumzi

Kwanza unabana pumzi. Hilo ndilo tulilofundishwa siku ya kwanza Kileleni, kituo cha kupima hewa juu ya mlima, kabla ya kufundishwa majina ya gesi, kabla hata ya kuonyeshwa pa kulala. Unatembea kuelekea upepo unakotoka, chupa ya chuma mkononi, unasimama kwenye mwamba wa mwisho ambapo mbele yako hamna kitu ila hewa. Unavuta pumzi, unaibana, ndipo unafungua koki. Chupa ilishanyonywa hewa yote, kwa hiyo ikifunguliwa inavuta yenyewe, kwa mlio mwembamba. Ukipumua wakati huo umeharibu. Chai uliyokunywa, moshi wa jiko ulioganda kwenye shati, mafuta ya nywele, vyote vimeingia, na hewa ya dunia imekuwa hewa yako. Chupa hiyo hubandikwa karatasi yenye neno moja tu, PUMZI, ikamwagwa, na aliyeibeba hasemwi vibaya, maana kila mtu ana mapafu.

Nimeishi hivyo hadi mwili ukasahau njia nyingine. Mke wangu, wakati nilipokuwa na mke, alisema hata akiniuliza kama nimekula, kwanza nabana pumzi, namtazama, halafu ndipo najibu. Alisema kuishi na mimi ni kuishi na mtu aliye chini ya maji. Asubuhi moja akashuka mlima na sanduku lake kichwani, nami nikamtazama akishuka bila kusema neno, na mpaka leo sijui kama nilinyamaza kwa huzuni au kwa mazoea.

Ngoja niseme tunatafuta nini huku juu. Zipo gesi ambazo Mungu hakuziumba. Hakuna mti unaozitoa, hakuna ng'ombe, hakuna mlima wa moto. Zilitengenezwa na watu waliotaka baridi: baridi ya friji, baridi ya ofisi za wakubwa, baridi ya magari yanayopita vioo vikiwa vimefungwa. Zikitoroka hupanda, hukaa, na hulifunika anga kama blanketi juu ya mtu ambaye tayari ana homa. Nyingine zitakuwa bado ziko huko juu siku ambayo lugha hii ninayoandika haitakuwa na hata mtu mmoja wa kuisoma. Na kwa kuwa hakuna mti wala ng'ombe wa kusingizia, kila chembe ya gesi hizo ina mwenyewe. Hapo ndipo wakubwa wanapoudhika. Moshi wa kuni unaweza kumsukumia maskini yeyote, lakini gesi hizi ukizifuata hazikupeleki kwa maskini, zinakupeleka kwenye geti lenye mlinzi.

Mbaya kuliko zote tulimwita Mkaidi. Hakuna anayemtengeneza kwa kumtaka. Anazaliwa pembeni, takataka ya kiwandani, wakati watu wanatengeneza gesi nyingine yenye soko. Joto analozuia linazidi lile la moshi wa kawaida maelfu ya mara, na dawa yake ni moja tu, kuchomwa katika tanuru kali mpaka avunjike. Chini yetu, katika nchi ambayo ina jina lake lakini sisi tuliita Bonde, kulikuwa na Kiwanda cha Baridi, na kando ya kiwanda kulikuwa na tanuru. Bonde liliapa mbele ya nchi zote kwamba kila chembe ya Mkaidi inachomwa. Wakapewa bendera nyeupe ya nchi safi, wakaipandisha juu ya bomba la tanuru, ambapo mtu mwenye akili angejiuliza mbona haishiki masizi.

Msimamizi wa tanuru hilo alikuwa dada yangu, Siwema. Mama alipokufa mimi nilikuwa sijajua kufunga kamba za viatu, na Siwema, ambaye naye alikuwa mtoto tu, ndiye aliyenilea. Mkono wake wa kushoto una kovu linalong'aa, toka kwenye kidole gumba hadi karibu na kiwiko. Ni uji. Sufuria lilipinduka kuelekea kwangu, akalidaka kwa mkono mtupu. Nilipopata kazi Kileleni nilimsimulia habari ya kubana pumzi na neno PUMZI, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema mimi nilikuwa mtoto wa kifua kibovu, usiku kucha alikuwa akiniwekea mkono kifuani kuhakikisha napumua, na sasa nimekwenda kuajiriwa nisipumue. Hivyo ndivyo nilivyokuwa na kila kitu nilichonacho duniani katika nyumba ile yenye bomba, na kazi yangu ilikuwa kulinusa bomba lake.

Je, kitu ambacho kila mtu amekikana kipo?

Nauliza kwa sababu niliishi ndani ya swali hilo. Bwana Mkadiri, mkuu wetu wa Kilele, alikuwa na njia mbili za kuipima dunia. Njia ya kwanza ni kuziuliza nchi zimetoa kiasi gani, nazo zikajibu. Njia ya pili ni kuiuliza hewa. Kila nchi ilisema sifuri. Na jumla ya sifuri hizo ilipanda kila mwaka. Kati ya jibu la nchi na jibu la hewa palikuwa na pengo, na pengo hilo ndilo lililokuwa ajira ya Bwana Mkadiri. Alikuwa mtu mwema, mpenda karanga, mwenye kumenya polepole na kupuliza maganda kiganjani huku akifikiri. Kukadiria, alituambia, ni adabu: unasema jambo zito kwa namna ambayo hakuna anayelazimika kuondoka mezani. Nilimheshimu. Bado namheshimu, na hilo ni sehemu ya uchungu wangu.

Kipo. Hakipo. Kipo hewani, hakipo mezani. Kipo ndani ya mapafu ya mjukuu ambaye hajazaliwa, hakipo katika hotuba. Mimi pia, nikikanwa na watu wa kutosha, nitakuwa nipo wapi? Ukiita Shomari, naitika. Shomari ni nani? Ni mtu anayesimama kwenye mwamba. Mwamba upo. Basi.

Kwa miaka mingi pua yetu, maana ndivyo tulivyoiita ile mashine kubwa ya ndani inayozitenganisha gesi na kuzihesabu, haikuona Mkaidi akitoka Bonde. Tulimwona Mkaidi yule mzee, aliyetawanyika dunia nzima, kiasi cha punje ya chumvi katika bwawa. Wa Bonde hatukumwona. Nilikuwa nikiona matokeo, naenda kulala na furaha. Moto wa dada unawaka, nilijiambia. Halafu ikaja ile siku ya mawingu ya chini, upepo ukageuka ghafla ukapanda kutoka bondeni moja kwa moja, nami nilikuwa zamu. Nilitembea hadi mwambani. Nilibana pumzi. Chupa ikavuta. Na pua ilipoinusa, mstari ambao siku zote hulala uliinuka, ukapanda, ukapita mwisho wa karatasi, na kalamu ikabaki ikichora juu ya meza.

Bwana Mkadiri aliuacha mdomo wazi na karanga ndani yake. Alinionyesha mlango wa nyuma, ule unaotumika pale tu hewa inapodai kujua ilikotoka.

Kwa asiyejua: kuurudisha upepo ni kuufuata kinyumenyume. Unatoka mlango wa nyuma, unageuza mgongo, unatembea kwa visigino, na kila ulichokwisha kukiishi kinakuja mbele ya uso wako kikiondoka. Nilikwenda hivyo. Mawingu yalirudi yalikokuwa. Mvua ilipanda. Nilimpita mke wangu na sanduku lake, safari hii akipanda, akija kwangu, uso ukiwa na matumaini, na sikuweza kumwonya. Nilimpita kijana mmoja aliyevaa sare mpya ya Kilele, ameinua kifua, nikataka kumcheka ndipo nikaona kiatu chake kimefungwa kwa fundo la Siwema. Nilikuwa nikipungua. Shati lilinipwaya. Nilipita kaburi la mama, udongo ukitoka shimoni kwa mabeleshi na kurudi juu, na watu wakirudi nyuma na nyuso zinazokauka machozi. Baada ya hapo sikuwa tena na uhakika na mwili niliokuwa nao. Niliitazama mikono yangu na mmoja wao, wa kushoto, uliwaka maumivu ya uji. Nilikuwa mimi, nilikuwa yeye, nilikuwa hewa inayorudi kwenye tundu lake. Unapourudisha upepo mbali sana, mpimaji na kinachopimwa huvaa nguo moja, na hakuna wa kukuambia ipi ni yako.

Nikafika tanuruni. Tanuru lilikuwa limekufa. Halikuzimika jana wala juzi; lilikuwa limekufa muda mrefu kiasi kwamba mdomoni mwake, juu ya majivu yaliyoganda, kuku mwekundu alikuwa ametengeneza kiota na anaatamia mayai kwa utulivu wa mwenye nyumba. Juu yake bendera nyeupe ilipepea. Kando ya ukuta palikuwa na bomba, kwenye bomba pana koki, na juu ya koki palikuwa na mkono wenye kovu linalong'aa. Siwema alikuwa akiifungua. Aliinua uso kuelekea Kileleni, midomo ikicheza, lakini upepo uliorudishwa hauna sauti. Hata kama ungekuwa nayo, ungekuambia wapi na lini. Kwa nini, haukuambii, na sisi Kileleni hatukuwahi kulihesabu hilo kuwa upungufu wa kipimo.

Niliona nilichoona. Dada yangu anamwachia Mkaidi mchana kweupe.

Niliporudi nilimwambia Bwana Mkadiri mahali. Aliuliza kama nina uhakika, nikasema ninao, akauliza nani msimamizi wa pale, ingawa alijua. Nikabana pumzi, kisha nikamwambia. Alimenya karanga moja, hakuila.

Mjumbe wa Bonde alifika kabla taarifa haijaandikwa, jambo ambalo hakuna aliyelishangaa. Alipanda mlima na kiti chake mwenyewe cha kukunja, akakikunjua katikati ya chumba cha pua, akaketi, akasifu hali ya hewa. Alikuwa na sauti ya mtu anayekupa pole msibani. Alitueleza sheria ya nchi yake bila vitisho: yeyote atakayefungua koki ile wakati moto umezimika, atafungwa maisha. Bwana Mkadiri akauliza, kwa adabu yake, sheria inasemaje kuhusu aliyeacha moto uzimike, na aliyetoa amri. Mjumbe akasema sheria haikuandikwa kwa ajili ya watu wasioshika vitu. Kisha akanigeukia mimi.

"Bwana mpimaji, siku ile hukuwa na mafua?"

Sikuelewa mara moja. Akanisaidia. Alisema amesoma taratibu zetu na amezipenda, hasa ile ya chupa zinazoandikwa PUMZI, kwa kuwa inaonyesha Kilele kina utu. Alisema mtu mwenye mafua anaweza kukohoa mwambani na hakuna atakayemlaumu, hata ndugu zake hawatalaumiwa.

Sasa hili lieleweke vizuri, maana ndani yake ndimo ilimo nyongo yote ya kisa hiki. Hakuna pafu la binadamu linalotoa Mkaidi. Unaweza kukohoa ndani ya chupa mpaka utapike, pua haitaona chembe yake hata moja. Mimi nililijua hilo, Bwana Mkadiri alilijua, na Mjumbe, naamini, alilijua kutuzidi. Alikuwa hatafuti uongo unaoweza kuaminika. Alitaka uongo ambao kila mmoja wetu anaujua, ili kila mmoja awe ameushika kwa mkono wake. Ndiyo maana ya madaraka, nilifikiri nikiwa nimesimama pale, si kuwafanya watu waamini, ni kuwafanya waseme. Nilimtazama Bwana Mkadiri anisaidie. Alikuwa akipanga maganda ya karanga mezani, kwa mstari ulionyooka.

Niliona mkono wenye kovu nyuma ya nondo. Niliona sufuria likipinduka. Nilifikiri, na namwomba anayesoma anielewe, kwamba siku moja katika maisha yangu nimepewa nafasi ya kudaka.

"Nilipumua," nikasema.

Mjumbe alinishukuru, akakunja kiti. Chupa ikabandikwa karatasi. Mimi mwenyewe ndiye niliyeibeba kwenda kuimwaga, kwa sababu utaratibu unataka aliyeharibu amwage, nikafungua koki juu ya mwamba na Mkaidi akatoka kwa mlio mwembamba, akaenda kuungana na wenzake waliokanwa na nchi zote. Yeye hakuhitaji kuaminiwa na mtu. Alipanda tu.

Baada ya hapo muda ulikwenda vibaya. Kuna asubuhi niliamka mzee na jioni nikawa kijana wa sare mpya. Niliingia ghala la hewa ya zamani, ambamo tunahifadhi chupa za miaka iliyopita ili waliobaki waje kujua dunia ilikuwaje, nikatafuta mwaka ambao mama alikuwa hai, nikaiweka chupa sikioni. Hewa ambayo huenda aliwahi kuivuta. Nilitaka kuifungua nimwombe ushauri. Sikuthubutu, ningeiharibu. Bonde likapewa bendera ya pili, kubwa kuliko ya kwanza. Bwana Mkadiri akakadiria, na makadirio yake yakasifiwa kwa utulivu wake. Na usiku, nisifiche, nililala vizuri. Nilijiambia dada yuko nje, anatembea juani, anakula, anacheka. Nilijiambia nimeuza ukweli wa dunia nzima kwa ajili ya mtu mmoja, na kama dunia ina malalamiko ije ipande mlima iseme.

Aliyepanda alikuwa Siwema.

Alikuja mchana, peke yake, amevaa gauni la Idi lililopauka kwa kuvaliwa, kifurushi cha nguo begani na kuku mwekundu kwapani. Nilimwamkia, "Shikamoo dada," akaitikia marahaba, akasema nimekonda. Alimweka kuku chini kwenye sakafu ya chumba cha pua, mahali ambapo hata vumbi haliruhusiwi, na kuku akaanza kudonoa maganda ya karanga ya Bwana Mkadiri. Nikambandikia dada chai. Hakuketi. Alitembea polepole akiangalia ile mashine, mirija yake, kalamu yake, kama mtu aliyefika ofisi ambayo ameiandikia barua nyingi.

"Hii ndiyo inayonusa?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Na huwa haikosei?"

Nikasema huwa haikosei. Hapo akaketi.

Alinieleza bila haraka. Tanuru lilikufa siku nyingi, waliacha life kwa sababu moto unakula mafuta na bendera hailihitaji. Lakini walikuwa waangalifu. Ofisini kwao paliwekwa mtu mwenye kazi moja tu, kuangalia bendera inapepea upande gani, na amri ya kufungua koki ilitolewa pale tu upepo ulipokuwa ukienda baharini, mbali na Kilele. Yeye ndiye aliyeshika koki, miaka yote. Alipolalamika kwa wakubwa wa kiwanda akaambiwa hana ushahidi. Alipokwenda mjini akaambiwa Kilele hakijaona kitu, na Kilele ni ndugu yake mwenyewe, aende akamuulize.

"Ndipo nikasema basi. Wao wanafungua upepo ukienda baharini, mimi nikangoja ukienda kwako. Siku ile ya mawingu. Nilikuona, Shomari. Kadoa kadogo tu juu ya mwamba, lakini nilijua ni wewe, nikafungua yote. Nikasema, mdogo wangu, pokea."

Chai ilikuwa inachemka, nikaiacha ichemke.

Alisema alirudi nyumbani, akaoga, akafunga nguo zake kwenye kifurushi hiki hiki, akavaa gauni la Idi ili wasimkamate akiwa na nguo za kazi, akakaa mlangoni. Alijua sheria. Alishaamua. Alitaka asimamishwe mahali watu wanapoandika, aulizwe nani alimwamuru, awataje mmoja mmoja kwa majina yao. Alisema alikuwa ameyarudia majina yale kichwani mpaka yakawa wimbo. Alikaa mlangoni siku ile, na siku iliyofuata, na nyingine, gauni likapauka kwa jua. Majirani wakadhani ana msiba. Hakuna aliyekuja. Juzi wamempunguza kazi kimyakimya, wamemweka mtu mwingine kwenye koki, mtu asiye na ndugu Kileleni.

"Nikawaza labda haikufika," akasema. "Labda upepo uligeuka njiani. Nimepanda nikuulize wewe tu. Ilifika?"

Bwana Mkadiri alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Aligeuka akaenda zake, viatu vyake vikisikika hadi mwisho wa korido.

Nikabana pumzi.

Nilibana kama nilivyofundishwa, kwa kifua chote, na ndani ya kubana huko niliziona zile njia zote mbili za kuipima dunia, na mimi nikiwa katika pengo. Siwema alisubiri. Kisha akasogea, akaweka ule mkono wenye kovu kifuani kwangu, pale pale alipokuwa akiuweka nilipokuwa mtoto wa kifua kibovu, akasikiliza. Hakusikia kitu kikipanda wala kikishuka.

"Pumua, Shomari," akasema.

"Ndivyo nilivyowaambia," nikasema. "Ilifika yote, dada. Niliwaambia nilipumua."

Akauacha mkono pale kidogo, mpaka alipolielewa neno. Halafu akautoa, akainama, akamtafuta kuku wake.